Kipimo cha Akili: Kilikotoka, na Utakayoyaona Ukimpeleka Mtoto

Weka jembe chini kidogo, sogea karibu na jiko, maana ukungu wa Werugha hauna huruma, na leo tuna jambo la kusemezana bila haraka.

Tutazungumza juu ya maneno ambayo mwalimu huyasema kwa sauti ya chini akiwa amesimama mlangoni pa ofisi: "Mama, huyu mtoto afadhali umpeleke akapimwe." Ukisikia hivyo, moyo hushtuka. Njia nzima ya kurudi nyumbani unajiuliza: Apimwe nini? Akili? Kwani mwanangu ana wazimu? Na majirani wakijua, watasema nini?

Usijilaumu kwa woga huo. Una asili yake. Kipimo cha akili kimewahi kutumiwa vizuri, na kimewahi kutumiwa vibaya sana, hata hapa kwetu Kenya. Mama anayejua historia yake hawezi kudanganywa nacho, wala hatakikimbia pale kinapoweza kumwokoa mtoto wake. Basi tuanze mwanzo.

KIJANA ALIYEJUA KILA KITU ISIPOKUWA KUSOMA

Mwaka 1896, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, ile ambayo baadaye ilipita Voi chini ya milima yetu, daktari mmoja Mwingereza aitwaye W. Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Macho ya Percy yalikuwa mazima. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na hesabu aliziweza. Lakini kusoma kulimshinda kabisa. Hata jina lake mwenyewe aliliandika akiwa amegeuza herufi, na asitambue kwamba amekosea. Walimu walikuwa wamejitahidi naye kwa miaka. Mwalimu mmoja alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angewashinda wenzake wote shuleni.

Daktari aliita hali hiyo upofu wa maneno. Kabla yake, mwaka 1887, daktari wa Ujerumani aitwaye Rudolf Berlin alikuwa amependekeza jina tunalolisikia mpaka leo: disleksia. Na mwaka 1963, katika mkutano wa wazazi mjini Chicago, mwalimu Samuel Kirk alilitumia jina pana zaidi, yaani ulemavu wa kujifunza. Angalia hapo, mama. Mkutano ule ulikuwa wa wazazi, watu kama wewe, waliochoka kusikia watoto wao wakiitwa wavivu na wajinga. Walitaka jina lililo karibu na ukweli, ili wapate pa kuanzia kuwasaidia.

Ulemavu wa kujifunza, basi, maana yake ni kwamba mtoto ana akili yake, lakini njia moja ya kupokea masomo imeziba. Mmoja atashindwa kusoma, mwingine kuandika, mwingine hesabu. Ni tofauti na ulemavu wa akili, ambapo mtoto huchelewa katika mambo mengi kwa pamoja: kusema, kuvaa, kujilisha, kuelewa. Tofauti hiyo huwezi kuijua kwa kumtazama mtoto usoni. Ndiyo sababu ya kupima.

KAZI YA BINET

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto walioshindwa kufuata masomo darasani. Mmoja wa wajumbe alikuwa mwanasaikolojia Alfred Binet. Yeye na mwenzake, daktari Théodore Simon, walitengeneza mfululizo wa maswali na vitendo 30, wakautoa mwaka 1905. Mtoto aliambiwa ataje vitu katika picha, arudie tarakimu alizosomewa, alinganishe mistari miwili, aeleze maana ya maneno. Mambo yalianza mepesi, yakawa magumu polepole.

Nia ya Binet ilikuwa moja: kumtambua mtoto anayehitaji mafunzo ya pekee ili ayapate. Hakuamini kwamba akili ni kitu kilichofungwa tangu kuzaliwa, kisichoongezeka. Aliwakemea waliosema hivyo, na aliandaa mazoezi ya kuwasaidia watoto waendelee mbele.

Binet alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kikaangukia mikono mingine. Huko Marekani, mwaka 1916, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikitengeneza upya, na mtoto akapewa namba moja ya kuonyesha akili yake. Wako waliochukua namba ile kama hukumu. Waliopata alama ndogo wakaitwa mbegu mbaya ya taifa. Mwaka 1927 mahakama kuu ya Marekani iliruhusu watu wa namna hiyo wafungwe uzazi bila hiari yao, na maelfu walifanyiwa hivyo. Chombo kilichotengenezwa kumwinua mtoto kilikuwa kimegeuzwa fimbo.

FIMBO HIYO ILIPOFIKA KENYA

Hapa ndipo habari inapoingia nyumbani kwetu. Mnajua kwamba wazee wa Utaita walikuwa na desturi ya kuweka mafuvu ya wahenga katika mapango ya miamba, mahali pa heshima. Mafuvu kadhaa yalichukuliwa, yakapelekwa Uingereza, na mwaka 1931 jarida moja la kisayansi la huko, Biometrika, lilichapisha vipimo vyake. Vichwa vya babu zetu vikawa namba katika majedwali. Siku zile wako wataalamu walioamini kwamba ukipima fuvu, umepima na akili iliyokuwa ndani yake.

Nairobi nako, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mdogo na haukui kama wa Mzungu. Mwaka 1933 aliyapeleka madai yake London, na mwaka huohuo chama cha walowezi wenye mawazo kama yake kikaanzishwa Nairobi. Waliomba fedha za kuendeleza uchunguzi huo, lakini serikali ya Uingereza haikuzitoa. Baadaye J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kwa Shirika la Afya Duniani, mwaka 1953, kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Leo madai hayo yamekataliwa na sayansi. Walioyatoa walisahau kuuliza maswali mepesi: Mtoto huyu alikula nini? Ameugua malaria mara ngapi? Amekaa darasani miaka mingapi?

Si wote waliosahau. Mwaka 1932 mwalimu R. A. C. Oliver, aliyekuwa katika Shule ya Jeanes huko Kabete, alitengeneza kipimo cha akili kwa wanafunzi wa Kiafrika. Alama zao kwa wastani zilikuwa chini ya zile za wanafunzi wa Kizungu, lakini yeye alionya kwamba afya na mazingira ya watoto hawa hayakuwa sawa, kwa hiyo namba zile zisichukuliwe kama kipimo cha kabila wala rangi.

Basi nyanya akinung'unika, "Wanataka kumpima kichwa cha nini?" usimcheke. Ana kumbukumbu.

WATOTO WALIOKAA KIMYA

Baada ya uhuru watafiti walianza kujiuliza kama kosa limo ndani ya mtoto au ndani ya kipimo. Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super walikaa na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet. Walipowaomba watoto wadogo wasimulie hadithi mbele ya mtu mzima, wengi walinyamaza. Ungehesabu alama, wangekuwa wameanguka. Lakini watoto haohao wakiwa malishoni au wakicheza na wenzao walizungumza bila kuchoka. Walikuwa wamelelewa kwamba mtoto mwema mbele ya mkubwa husikiliza na kutenda, hajibu ovyo. Kunyamaza kwao kulikuwa adabu.

Nchini Zambia, mwaka 1979, Robert Serpell aliandika juu ya jaribio alilofanya na watoto wa Zambia na wa Uingereza. Walipoambiwa wanakili maumbo kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Walipoambiwa wayatengeneze kwa waya, watoto wa Zambia wakawashinda. Sababu unaijua: ni wangapi kati ya vijana wetu waliojitengenezea gari la waya kabla ya kushika kalamu ya rangi?

Na huko Usenge, karibu na Ziwa Victoria, utafiti uliotolewa mwaka 2001 uliwauliza watoto juu ya miti shamba na ugonjwa unaotibiwa na kila dawa. Waliojua sana dawa hizo hawakuwa lazima waliofanya vizuri katika maswali ya shuleni. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Kila mtoto alikuwa amejifunza pale alipotumia muda wake.

Mtoto wako anayejua mfereji upi ufunguliwe saa ngapi ili maji yafike kwenye kabichi, au anayetumwa dukani vitu vitano na kuvileta vyote, ana akili hiyo pia. Mweleze mpimaji habari hizo. Ni sehemu ya kipimo.

KIPIMO KILIPOREKEBISHWA

Pwani hii yetu imechangia sana kurekebisha mambo. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust waliona kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali ya ubongo walibaki na shida za kumbukumbu, lugha na masomo. Ili wajue ni nani anahitaji msaada, walitengeneza vipimo vinavyowafaa watoto wa hapo, kwa lugha wanayoielewa na kwa vitu wanavyovijua. Mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo kimoja cha ukuaji wa watoto wachanga, kinachobeba jina la Kilifi.

Upande wa serikali, mwaka 1984 Kenya ilianza huduma ya vituo vya kutathmini watoto kielimu, kwa msaada wa Denmaki. Mwaka 1986 Chuo cha Elimu Maalumu cha Kenya, KISE, kikawekwa kisheria ili kufundisha walimu wa kazi hiyo. Vituo vikasambaa katika wilaya. Lengo likarudi pale pale pa Binet: kumjua mtoto ili afundishwe inavyomfaa.

SIKU YENYEWE YA KUPIMWA

Sasa tuseme umekubali. Utakutana na nini?

Kwanza, anza na mwalimu mkuu. Muombe barua inayoeleza shida anayoiona. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kule Wundanyi, ni kituo kipi cha tathmini kinachohudumia eneo lenu, hufunguliwa siku gani, na kama kuna malipo. Beba kijitabu cha kliniki, madaftari ya mtoto ya miaka miwili mitatu, na ripoti zake za shule. Daftari lililojaa makosa usilifiche. Kwa mpimaji lina habari nyingi.

Pili, mwambie mtoto ukweli. Usimwambie mnakwenda sokoni. Mwambie, "Tunakwenda kwa mwalimu anayejua kwa nini kusoma kunakuwa kugumu. Mtafanya michezo na maswali. Mengine yatakuwa magumu kwa kila mtu." Hakuna sindano ya akili. Hakuna dawa ya kunywa. Mwache alale mapema, na ale kabla ya safari, maana mtoto aliyeteremka mlima kwa matatu akiwa na njaa hawezi kuonyesha uwezo wake. Kama ana homa, omba siku nyingine.

Tatu, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Mimba ilikuwaje? Alizaliwa wapi, alilia mara moja? Amewahi kupata degedege? Alikaa, akatembea, akasema akiwa na umri gani? Nyumbani mnazungumza Kidawida, Kiswahili, au vyote? Kuna msiba uliotokea, au ugomvi, au kuhama shule? Sema yote. Mtoto anayeomboleza anaweza kushindwa masomo kama mwenye ulemavu, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Nne, masikio na macho. Haya yaangaliwe kabla ya jambo jingine lolote. Mtoto wa gredi ya tatu anayeandika neno tofauti na alilosomewa huenda anasikia nusu tu kwa sababu ya usaha wa masikio wa muda mrefu. Akiitwa mjinga hapo, amedhulumiwa. Pengine mtaelekezwa hospitali, kama ile ya Rufaa ya Moi mjini Voi, kabla ya kuendelea.

Tano, vipimo vyenyewe. Ataombwa kupanga vipande, kunakili maumbo, kurudia namba, kueleza picha, kusoma maneno, kuandika alichosomewa, kufanya hesabu. Mpimaji ataandika huku akiangalia saa. Unaweza kuombwa ungoje nje. Ukiruhusiwa kukaa ndani, usimnong'oneze jibu wala kumkazia macho. Kazi yote inaweza kuchukua saa kadhaa, au kugawanywa kwa siku mbili. Kama mtoto anaijua zaidi lugha ya nyumbani, sema mapema, ili asipimwe Kiingereza ikidhaniwa anapimwa akili.

BAADA YA HAPO

Siku ya majibu, usitoke na namba tupu. Uliza: Nini anakiweza vizuri? Nini kinamshinda? Mnadhani kwa nini? Mwalimu afanye nini, na mimi nyumbani nifanye nini? Arudi lini kuangaliwa tena? Omba ripoti iliyoandikwa, na uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ripoti hiyo ni siri yako na ya mtoto. Anayepaswa kuiona ni yule unayemruhusu kwa faida ya mtoto.

Msaada unaoshauriwa mara nyingi ni mambo madogo: akae mbele, asomewe swali, afundishwe herufi kwa kuzigusa na kuzichora mchangani, apewe muda zaidi. Mtahiniwa mwenye ulemavu anaweza kuombewa muda wa ziada katika mitihani ya taifa, na shule itahitaji karatasi za kuthibitisha. Wengine watashauriwa kitengo maalumu au shule maalumu. Ukishauriwa hivyo, nenda ukaione shule kwanza, kisha uamue.

Na ujue haki yako. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na aitwe kwa namna isiyomdunisha. Kwa hiyo anayemwita mwanao "zuzu" mbele ya darasa anavunja sheria kuu ya nchi. Mwambie hivyo kwa adabu, lakini mwambie.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kinachokufa ni moyo wa mtoto. Akirudia darasa mara mbili, akichekwa kila akisimama kusoma, siku moja ataacha kujaribu. Ukimuona mwenye miaka 12 anashinda barabarani Wundanyi akisukuma mkokoteni, uliza kama kuna mtu aliyewahi kumpima masikio.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kupimwa si kuhukumiwa. Kipimo kilianzishwa ili mtoto apate mafunzo yanayomfaa.
2. Masikio na macho kwanza, akili baadaye.
3. Wewe unayemlea unamjua mtoto kuliko karatasi yoyote. Sema anayoyaweza, sema yanayomshinda.
4. Namba moja haitoshi kumweleza mtoto. Dai maelezo na mpango wa kumsaidia.
5. Jioni ya siku hiyo, mkifika nyumbani, mpe mtoto kazi unayojua anaiweza vizuri, na umsifu mbele ya wenzake.

Mweleze na jirani yako.